Farasi Aliyerudi Peke Yake

Kaldasel, Aislandi, 8 Machi 1992

Alfdis mwanangu,

Barua yako ya Februari ilifika Jumanne pamoja na katalogi ya mbegu. Nimeisoma mara mbili, kisha nikaitia ndani ya daftari kwenye ukurasa wa siku hiyo: upepo wa kaskazini mashariki, nyuzi sita chini ya sifuri, kondoo wote wazima.

Umeniuliza jioni zangu zinapitaje. Naangalia filamu za Waviking. Usicheke. Sigvaldi wa duka la petroli ameweka rafu ya kanda za video karibu na mafuta ya injini, na Ijumaa nyingi nachukua moja. Mpaka sasa zimekuwa tisa. Nimefungua orodha ya makosa nyuma ya daftari, na kwa kuwa wewe uko karibu na watu wanaotengeneza vitu hivi, unaweza kuwafikishia.

Filamu ya kwanza mpaka ya nne, kofia za chuma zina pembe. Hakuna mtu aliyewahi kuvaa pembe vitani, kwanza zingenasa kwenye mlango. Filamu ya tano, mtu anakimbiza farasi kutwa nzima na farasi hatoki hata jasho. Katika zote tisa nimehesabu watu mia mbili na kumi na moja waliouawa, kondoo watatu, na hakuna hata mtu mmoja anayekata nyasi. Sasa watu hawa wanakula nini Februari? Na mtu aliyemaliza majirani zake wote mwezi wa Julai, nani atamsaidia kuingiza nyasi ghalani kabla ya mvua?

Sigvaldi ananiambia, "Bersi, wewe ndiye mteja pekee anayerudisha kanda na malalamiko ya maandishi." Nikamwambia awapelekee wahusika. Akasema, "Wahusika wamekufa miaka elfu iliyopita, mzee. Hawana sanduku la posta."

Mguu wangu unakwenda, ila hauendi haraka. Je, farasi wetu Tinna anakula? Usiache watu wa filamu wampe mikate yao.

Baba yako,
Bersi

*

Pwani ya magharibi, Uskoti, 20 Machi 1992

Shikamoo Baba,

Nimewasomea wenzangu wa zizini orodha yako wakati wa chai. Mtengeneza mavazi ameniomba nikwambie kwamba za kwetu hazina pembe, zina manyoya. Nimeogopa kumwambia utasema nini juu ya manyoya.

Kazi yangu ni kuwa mgongo wa mchezaji mkuu. Yeye anaonyesha uso, mimi naonyesha mgongo na kuanguka. Jana nimeanguka mara kumi na moja kutoka kwa Tinna, kwenye matope ambayo yaliletwa kwa lori. Ndiyo, Baba, wameleta matope kwa lori Uskoti, kwa sababu mwongozaji, Bwana Prentice, aliona ya hapa hayana huzuni ya kutosha. Mashoka ni ya mpira. Tinna alilila moja.

Anakula vizuri, ila analala akiwa ameelekeza kichwa upande mmoja tu. Nimechukua dira nikapima. Ni upande wa nyumbani.

Watu wananiuliza kama nitarudi naye. Nawaeleza sheria yetu, kwamba farasi akishatoka Aislandi harudi tena, kwa kuogopa magonjwa, na hata tandiko lililomgusa huku haliruhusiwi kurudi. Wananitazama kana kwamba nimewatolea kisa cha kale. Bwana Prentice alisema, "Hii ni nzuri kuliko filamu yangu."

Lakini Baba, wewe ndiye uliyekuwa ukitoka chumbani sisi wanao, Ketil na mimi, tulipofungulia filamu za panga. Ulisema afadhali kutazama rangi ikikauka, maana rangi haisemi uongo. Leo umeangalia tisa. Umepatwa na nini?

Mwanao,
Alfdis

*

Kaldasel, 5 Aprili 1992

Alfdis mwanangu,

Kumi na mbili sasa. Kuhusu swali lako, mzee akiwa peke yake anaangalia kilichopo rafuni. Tuliache hapo.

Nimepata kosa kubwa kuliko yote, na pembe si kitu mbele yake. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akitusomea visa vya bonde letu huku anasokota sufu? Mtu akiuawa, kisa kinatumia mstari mmoja. "Akampiga, akafa." Kisha kurasa mbili nzima ni za yule anayepeleka habari nyumbani: alipita njia gani, alimkuta mama wa marehemu akifanya nini, walikaa kimya muda gani kabla hajasema. Filamu zinafanya kinyume. Upanga unapewa dakika kumi, damu dakika tano, halafu tunahamia vita vingine. Katika filamu kumi na mbili hakuna mtu hata mmoja aliyebisha hodi na habari mbaya. Farasi wa aliyekufa naye anapotelea pembeni, hatujui alikwenda wapi. Sisi tunajua farasi anakwenda wapi. Anakwenda nyumbani.

Sasa jambo lililonifanya nikae mezani leo. Wewe unajua kwamba kila shamba la bondeni lina wajibu wa kutoa mpanda farasi kwenye mkusanyo wa kondoo wa Septemba, na shamba lisilotoa mtu halina haki ya kupandisha kondoo milimani. Nimekuwa mfalme wa mlima, kiongozi wa wapanda farasi hao, kwa miaka ishirini na miwili, orodha naiandika mimi mwenyewe, siwezi kujipendelea. Mwaka jana hukuweza kwenda, nami sikukulazimisha, na jirani yetu Oddny alituazima mtu wake. Mwaka huu hana wa kuazima. Mimi mguu huu hauwezi tena tandiko. Wafugaji wanakutana tarehe 20 Agosti. Siku hiyo lazima niandike jina mbele ya Kaldasel, la sivyo kondoo wote mia na arobaini wanapanda lori la machinjioni, na Kaldasel inabaki nyumba yenye mzee ndani yake.

Umesema filamu inaisha Juni. Chumba chako nimekipiga rangi. Hakuna haraka, lakini ningependa kujua.

Baba yako,
Bersi

*

Uskoti, 19 Aprili 1992

Shikamoo Baba,

Nimepata barua yako jana jioni. Asubuhi ya leo Bwana Prentice alibadilisha onyesho. Alisema shujaa akishakufa mtoni anataka kumwona farasi akirudi nyumbani peke yake, tandiko tupu, akiteremka kilima taratibu mpaka mlangoni.

Akaniuliza, "Utahitaji siku ngapi kumfundisha?"

Nikasema sijui. Tukampandisha Tinna kilimani, tukamfunga hatamu juu ya shingo, tukamwachia. Akateremka. Aliteremka vilevile kama siku ile, Baba. Kichwa chini, akikwepa kukanyaga kamba iliyokuwa inaburutika upande wa kushoto, ingawa safari hii hapakuwa na kamba. Akafika mlangoni akasimama, akageuza ubavu ili mtu amfungue.

Kisha Bwana Prentice akaja polepole, akauliza, "Nani amemfundisha farasi huyu?"

Nikamwambia hakuna.

Siwezi kuendelea leo. Nitaandika kesho kutwa.

Alfdis

*

Uskoti, 21 Aprili 1992

Baba,

Sikuwa na homa siku ile.

Wewe ulikuwa umevunjika mguu na umefungwa plasta, na kwenye orodha ya 1990 ulikuwa umeniandika mimi kwenda ng'ambo ya mto Svarta. Mjini walikuwa wanaonyesha filamu ya Waviking saa tisa, siku moja tu, ile ya Mnorwe mwenye mashoka mawili. Nilichovya kipimajoto ndani ya kikombe cha kahawa. Ketil ndiye aliyekuletea ukisome. Unakumbuka alisema, "Mwache mgonjwa alale, ng'ambo nitakwenda mimi. Nitamchukua Tinna, anakijua kivuko."

Alijua. Alipokuwa anatoka alifungua mlango wa chumba changu akaniambia, "Utanihadithia wote waliokufa."

Nilikwenda mjini na gari la Oddny, nikarudi nalo. Nilikuwa nimesimama uani, najiandaa kumhadithia, nikamwona Tinna anateremka.

Nimebeba jambo hili mwaka mmoja na miezi saba. Nilipopata kazi hii nikakwambia wanataka na farasi, wewe mwenyewe ukasema, bila kufikiri hata dakika, "Mchukue Tinna." Farasi bora kuliko wote uliokuwa nao. Nilielewa. Hukuweza kututazama, mimi na yeye. Ulitutoa sote wawili mahali ambapo hatuwezi kurudi, na sikulaumu.

Kwa hiyo usiniandike kwenye orodha yako. Hukujua ulikuwa unamwandikia nani.

Alfdis

*

Kaldasel, 4 Mei 1992

Alfdis mwanangu,

Barua zako mbili zilifika siku moja. Kondoo wanazaa, nimelala vipande vipande, kwa hiyo nitapanga mambo kwa namba nisipotee.

Moja. Nilijua. Nilikuwa dirishani jioni ile na mguu wangu juu ya kiti. Nilimwona Tinna akiwa bado juu kilimani, kabla yako. Nikakuona wewe uani umevaa koti lako zuri na viatu vya mjini. Mtu mwenye homa havai viatu vya mjini. Na Oddny alinieleza siku ya mazishi, akilia, kwamba alikupeleka kuangalia Waviking. Alidhani nilikuwa najua.

Mbili. Hukuja ndani mara moja. Ulimfungua Tinna tandiko ukalitundika. Ukamkausha kwa nyasi, mguu mmoja baada ya mwingine. Ukamletea maji. Ukafagia mahali palipokuwa safi. Kwa saa yangu ilikuwa dakika thelathini na tano, nimeiandika. Nilifahamu unachofanya. Ulikuwa unaniachia nusu saa zaidi ya kuwa na mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nimeshaona, nikanyamaza pale dirishani, nikakuachia wewe umalize. Ulipoingia ukasema, "Baba," nikajifanya nainua kichwa kutoka gazetini. Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita.

Tatu. Kosa la orodha ni la aliyeandika orodha. Mto ulikuwa umejaa, na nilijua umejaa. Nilikuwa nimekuandika wewe; ungekwenda, mto ungekuchukua wewe. Nimekaa na hesabu hii kila siku na haikubali kutoka vizuri kwa upande wowote.

Nne. Uliniuliza kwa nini naangalia filamu. Nilikuwa naitafuta hiyo yako. Oddny hakulikumbuka jina lake, alijua tu ni Waviking, na mimi sikuweza kukuuliza. Nilitaka kuona ulikuwa unaona nini saa ile. Ijumaa nilimwambia Sigvaldi, "Ya Mnorwe mwenye mashoka mawili." Akasema, "Hiyo mbaya, Bersi, hata mimi siipendekezi." Nikamwambia nipe tu. Ni mbaya kweli. Dakika ya arobaini wanavuka mto. Maji yanafika kwenye magoti ya farasi, wanaume wote wanavuka wakiimba. Nikazima.

Tano. Sikukupa Tinna ili msirudi. Nilikupa kwa sababu ulikuwa unakwenda ugenini na hujui mtu, na yeye ndiye pekee aliyekuwepo siku ile zaidi yako na mimi. Nilitaka uwe na mtu wa nyumbani. Sheria nilikuwa naijua, nikasema bei ni hiyo, nitamkosa farasi. Lakini sheria ile ni ya farasi, Alfdis. Si ya watu. Wewe rudi.

Nina nafasi ya jina moja mbele ya Kaldasel.

Baba yako,
Bersi

*

Uskoti, 14 Juni 1992

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeiweka ndani ya koti, inakaribia kukatika kwenye mikunjo. Nililia zizini mpaka mchezaji mkuu, yule mwenye uso, akaja akakaa nami chini kwenye majani na nguo zake za kifalme.

Nilinunua tiketi. Nataka ujue hilo kwanza. Ya tarehe 9 Juni.

Filamu ilipoisha kampuni iliuza farasi, nami nikamweka Tinna kati yao kwa kuwa hawezi kurudi. Wale kumi wengine walikwenda wawili wawili. Tinna alinunuliwa na mama mmoja mwenye shule ya kupanda farasi, mtu mwema, hana neno. Nilimpeleka mwenyewe, nikakaa siku mbili, nikaondoka kwenda kufunga mizigo. Siku ya nne yule mama akanipigia simu.

"Binti, farasi wako hali."

"Mpe muda, atazoea."

"Hanywi pia. Amesimama getini toka ulipoondoka, amegeuza ubavu. Kila mtu anayepita anamtazama mgongoni, haoni kitu."

Nilirudi. Alikuwa amesimama hivyohivyo, Baba, anangoja mtu amfungue tandiko ambalo hakuwa nalo. Nilipitisha mikono kama namfungua. Nikamkausha miguu. Ndipo akanywa.

Nimejaribu tena mara mbili, siku tatu, kisha tano. Ni hivyohivyo. Daktari wa mifugo anasema ana afya kamili.

Alirudi peke yake mara moja kwa ajili yetu. Siwezi kumfanya abaki peke yake. Yule mama amenipa kazi na chumba juu ya zizi. Ningeweza kuja kwa siku chache, lakini Kaldasel haihitaji mgeni wa siku chache, inahitaji mtu, na hujawahi kuniomba kitu kingine maishani.

Ulinipa Tinna nisiwe peke yangu. Sasa ndiye anayenizuia. Nimeiangalia pande zote, wala sioni nani wa kumkasirikia.

Nisamehe.
Alfdis

*

Kaldasel, 21 Agosti 1992

Alfdis mwanangu,

Mkutano ulikuwa jana. Nilisoma orodha kwa sauti kama kila mwaka. Nilipofika Kaldasel nikasema, "Hakuna," nikaendelea na shamba linalofuata. Baadaye Sigvaldi akanifuata nje. "Ungeandika jina lolote, Bersi, nani angekuuliza?" Nikamwambia ningejiuliza mimi.

Tinna ana miaka kumi na moja. Farasi wetu akitunzwa hufika thelathini. Mimi nina sitini na minane. Nimeandika namba hizo tatu kwenye ukurasa mmoja na sikuzitoa wala kuzijumlisha.

Umefanya sawa. Mtu anayemwacha mnyama katika hali hiyo nisingempa kondoo wangu awachunge. Hilo ni kweli, na halinisaidii kitu.

Mpe chumvi kidogo wiki mara moja.

Baba yako,
Bersi

*

Kaldasel, 14 Machi 1993

Alfdis mwanangu,

Siku hizi daftari halina mengi. Upepo, nyuzi, aliyepita barabarani. Zizi nimelifagia na kulifunga. Bado naamka saa kumi na mbili.

Leo mchana walionyesha filamu yenu kwenye ukumbi wa bonde. Watu wote walikuja, hata Oddny, ambaye hajaangalia Waviking tangu siku ile. Walinipa kiti cha mbele, sijui kwa nini, nilitaka cha nyuma. Nilikuwa na daftari na kalamu.

Nimeandika makosa kumi na saba katika saa ya kwanza. Manyoya yapo, nimeyaona. Matope yana huzuni sana. Kila ulipoanguka ulikuwa mgongo tu, lakini nilikujua, na Sigvaldi alikuwa akinigusa bega kila mara, "Huyo, huyo."

Kisha akatokea juu ya kilima.

Nyuma yangu mtu akasema, "Si Tinna huyo?" Sigvaldi akamwambia, "Nyamaza." Halafu nikasikia viti. Sikugeuka, Oddny ndiye aliyenieleza baadaye. Wale wanaume sita waliomtafuta Ketil mtoni walikuwa wamesimama, na hakuna aliyewaambia wasimame. Walibaki wamesimama mpaka alipofika mlangoni na kugeuza ubavu.

Onyesho hilo nililitazama kwa makini, kama nilivyozitazama zote. Kilima si chetu lakini kimeelekea sawa. Mwendo ni wenyewe. Wamempa muda wa kutosha, hawakumharakisha. Ni filamu ya kwanza kati ya ishirini na sita iliyoonyesha farasi anakwenda wapi, na unaweza kumwambia Bwana Prentice kwamba mzee mmoja wa Aislandi amesema hivyo.

Lina kosa moja tu, nimeliandika peke yake kwenye ukurasa wa leo. Mwanamke wa nyumba ile ya filamu anatoka mbio, anapiga kelele, anaanguka magotini, na farasi anaachwa amesimama na tandiko lake mgongoni.

Haikuwa hivyo. Tandiko lilifunguliwa kwanza. Alikaushwa miguu yote minne. Aliletewa maji, akanywa mpaka akatosheka, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu ndani mlikuwa na mzee dirishani, na uani msichana mwenye viatu vya mjini, na kila mmoja alikuwa akimwonea huruma mwenzake.

Baba yako,
Bersi